Mapishi ya Kipupwe

Kipupwe kikiingia Njombe, watu wazima wenye akili zao hufunga madirisha, huvuta jiko la mkaa karibu na kuamua kwamba wao sasa ni wapishi wa hoteli. Makande yaliyowakuza hayawafai tena. Simu inaegemezwa kwenye kopo la chumvi, na dada mmoja wa Ulaya anaagiza krimu, jibini na majani ambayo muuza mboga wa sokoni angempa sungura. Krimu haipo? Tia mtindi. Jibini halipo? Paka siagi. Kisha mtu anashangaa chakula hakifanani na cha kwenye picha!

Kasheshe hasa ni maharage. Maelekezo yanasema dakika 45. Lakini Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, na maharage hayasikilizi simu. Saa nne usiku bado ni kokoto. Watoto wamelala na chai ya rangi, baba (muungwana kweli huyu) anasifia harufu. Mkaa nao ndio huo, gunia linaonyesha kitako.

Haya, jaribuni mnavyotaka, jamani, kipupwe ni kirefu. Ila acheni dirisha wazi: hewa ya jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa huua, chakula kiive kisiive.