Sahihi Yangu Inashughulikiwa

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Kadi za Hoki (jina nimelihifadhi, kama nyinyi mnavyonihifadhia kadi).

Bwana au Bibi,

MINT: KADI YENYE SAHIHI, ISIYO NA SAHIHI WALA KADI

Kila nikiulizia kadi yangu najibiwa kwamba kwa sasa mna kazi nyingi kuliko kawaida, na tangu tufahamiane sijabahatika kuwakuta siku mliyo na kazi ya kawaida. Poleni.

Barua hii nimewapa nakala wasomaji wa Kiswahili bila idhini yenu, kwa hiyo niruhusuni niwaeleze kidogo. Huku Kanada, picha za wachezaji wa hoki ya barafuni huchapwa kwenye kadi za kutosha kiganjani, kadi zikafungwa ndani ya pakiti, na mtu mzima mwenye kazi na mkopo wa nyumba akatoa fedha nzuri kununua pakiti asiyojua ndani yake mna nani. Msicheke. Mwaka 2021 kadi moja ya gwiji wa hoki Wayne Gretzky, ya mwaka 1979 alipokuwa chipukizi, iliuzwa kwa dola milioni 3.75 za Marekani, na wala hakuitia sahihi.

Sahihi ndiyo utamu wenyewe. Katika pakiti chache kampuni huweka kadi iliyotiwa sahihi na mchezaji kwa mkono wake. Ila wachezaji nao wana safari, majeraha na uvivu kama waja wengine, na kiwanda hakimngoji mtu. Siku ya kufunga pakiti ikifika na sahihi hazijarudi, mahali pa kadi hutiwa kikadi cha ahadi. Unakikwangua, unapata nambari, unaiingiza kwenye tovuti, kisha unakaa kungoja mchezaji ashike kalamu. Nilipomsimulia shangazi yangu wa Mombasa kwa simu, alinidaka kabla sijamaliza.

“Kumbe ni kile kikaratasi cha kungojea kitambulisho! Sasa mwanangu, umekwenda kwa chifu?”

Nikamwambia huku hakuna chifu. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nilikilipia. Nikabadilisha mazungumzo.

Nilipokwangua changu, chipukizi niliyeahidiwa sahihi yake alikuwa hajaota ndevu vizuri. Leo amehamishwa timu, amefanyiwa upasuaji wa goti, amechumbia na kuoa, na picha za harusi nimeziona. Kalamu alishika, cheti cha ndoa kina sahihi yake. Mbele ya jina lake kwenye ukurasa wangu wa tovuti yenu pangali pameandikwa kwamba ombi linashughulikiwa. Sidai awe amekaa kuandika kitabu. Wakusanyaji wote wanajua kwamba mara nyingi mchezaji hata haigusi kadi: hutumiwa karatasi ya stika angavu, anatia sahihi mfululizo huku akitazama televisheni, anairudisha, na mtu wenu anazibandua na kuzibandika. Ninachongojea, Mkurugenzi, ni stika ya upana wa vidole viwili.

Lakini si kungoja kulikonifanya niandike. Nimekaa Toronto vya kutosha kujua kungoja. Mji huu unalingojea Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa hoki, tangu 1967, na watu wanazaliwa, wanazeeka na kuzikwa na jezi za timu yao, Maple Leafs. Hata hivyo Maple Leafs hushindwa hadharani, mbele ya kamera, kwa tarehe inayojulikana. Hata ligi yenyewe ya NHL, ilipogombana na wachezaji juu ya mishahara hadi ikafuta msimu mzima, ilisimama Februari 2005 ikatangaza kwamba mwaka huo hakuna kombe. Habari mbaya, lakini yenye siku yake. Mtu akajua aende akalale.

Tarehe ndiyo kesi yangu. Nyuma ya kikadi kile mlichapa siku ya mwisho ya kuingiza nambari. Nikichelewa hata usiku mmoja, haki yangu imekufa na hakuna wa kuisomea dua. Nimekigeuza na kukigeuza, nikakimulika kwa taa, nikaazima na miwani ya jirani, nikitafuta siku ya mwisho ya kwenu ya kutoa kadi. Haipo. Wazee walisema ahadi ni deni. Nyinyi mmebuni deni ambalo anayewekewa muda ni mwenye kudai. Mwenye kudaiwa ana milele yote mbele yake, na fedha alikwisha kuzipokea dukani siku ileile. Ningewaombea tuzo ya uchumi kama ningejua pa kuandika.

Na milele hiyo haipiti bure. Kadi ya chipukizi huwa na bei siku anapofunga mabao na magazeti yakamwita mrithi wa fulani. Goti likiteguka, bei nayo yateguka. Aliyepata kadi halisi kwenye pakiti yake aliweza kuiuza wakati wa shangwe. Mimi nilikuwa na nambari kwenye tovuti. Kwa hiyo hasara ya goti la kijana yule, ambaye hamkumtuma kwangu wala mimi sikumtuma kwenu, nimeibeba peke yangu.

Mtasema mlinipa nafasi ya kadi mbadala ya thamani sawa. Kweli, mlinipa. Thamani hiyo mnaikadiria nyinyi, mezani kwenu, mlango umefungwa, na mlichonipimia ni kipa wa akiba ambaye msimu ule kazi yake kubwa ilikuwa kuwafungulia wenzake mlango wa benchi. Simdharau. Sahihi yake ni nzuri, na alau anaitoa.

Kuna jambo jingine linalonichekesha kwa uchungu. Sheria ya jinai ya Kanada haipendi zawadi inayopatikana kwa bahati tupu, ndiyo maana katika mashindano ya biashara mkazi wa hapa aliyebahatika hulazimika kwanza kujibu swali la hesabu, ili ionekane ameshinda kwa akili. Nimezidisha, nimejumlisha, nimetoa, mtu mzima mwenye shahada. Sasa zamu yenu. Mchezaji mmoja, mara kalamu moja, mara stika moja: jumla ni kadi ngapi? Mnaruhusiwa kutumia kikokotoo.

Msiniambie pia kwamba mastaa hawapatikani. Jean Béliveau wa Montreal, aliyelitwaa Kombe la Stanley mara 10 akiwa mchezaji, alikuwa akiwajibu mashabiki barua zao, na sahihi yake inasomeka herufi kwa herufi. Mwaka 2018 vijana wa timu ya hoki ya Ice Lions ya Nairobi, waliokuwa wakijifua kwenye kiuwanja cha barafu cha hoteli ya Panari, Mombasa Road, wasio na timu ya jirani ya kucheza nayo, waliletwa hapa Toronto. Wakajikuta wanaingia barafuni pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Magwiji wawili wazima wazima waliwafikia Wakenya. Stika ya mtu ambaye si gwiji haijanifikia mimi.

Naharakisha kwa sababu naisoma historia ya biashara yenu. Fleer lilikuwa jina kubwa la kadi Marekani. Mwaka 2005 lilifunga milango, na watu wakabaki na vikadi vya ahadi mikononi, vimekwanguliwa vizuri kabisa. Siwaombei hayo. Nawaombea maisha marefu, angalau hadi Ijumaa.

Kuhusu boksi la msimu mpya mnalonitangazia kwa barua pepe (hizo hazijawahi kuchelewa), nalitaka. Nitalilipia kwa utaratibu wenu. Nimeambatisha kikadi nilichokichapa kwa rangi ya dhahabu, chenye nambari ya kukwangua. Kikwangueni, mniletee nambari, nami nitatuma fedha mara tu nitakapopata nafasi ya kutia sahihi hundi. Nambari isiponifikia kabla ya tarehe iliyo nyuma, deni limekufa. Nikikwama, msihofu, mtapata fedha mbadala ya thamani sawa: mjomba wangu, aliyekuwa akifuata vitenge Goma, ana sanduku la noti za zaire za wakati wa Mobutu, na kwa makadirio yangu, niliyoyafanya mlango ukiwa umefungwa, zinatosha boksi zima na chenji inabaki. Chenji naomba itumwe kwa posta ya haraka.

Wenu katika foleni,
Mteja wa Toronto