Barua ya Wazi kwa Baraza la Jiji la Los Angeles Kuhusu Haki Inayolipiwa Pango

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Jiji,
Los Angeles, California.

YAH: PONGEZI KWA UGAWAJI WA LESENI ZA BANGI

Ni nadra katika historia ya serikali za mitaa kwa baraza kuwataka watu wathibitishe umaskini wao na utajiri wao katika ombi moja, na kwa kuwa Baraza la Jiji la Los Angeles limelitimiza jambo hilo bila kutetereka, inafaa lipongezwe hadharani, ili miji mingine inayotafuta namna ya kugawa leseni za biashara ya bangi isipoteze muda kubuni usumbufu ambao umekwisha kubuniwa.

Ikumbukwe kwamba mnamo Novemba 2016 wapigakura wa California waliidhinisha Pendekezo namba 64, yaani sheria iliyopitishwa kwa kura ya wananchi ili kuhalalisha bangi kwa watu wazima, na kwamba sheria hiyo iliziachia mamlaka za miji na kaunti uhuru wa kuiruhusu biashara hiyo, kuikataza au kuiwekea masharti. Mauzo yalipoanza Januari 2018, Baraza liliyapa kipaumbele maduka ya bangi ya tiba ambayo Jiji lilikuwa likiyavumilia tangu zamani, huku wale waliokusudiwa kufidiwa wakiombwa wawe na subira. Fidia hiyo ilipewa jina la mpango wa usawa wa kijamii, maana yake utaratibu wa kuwapa nafasi watu wa kipato cha chini waliowahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa makosa ya bangi, au walioishi kwa miaka kadhaa katika mitaa iliyoandamwa zaidi na polisi. Hoja yake ilikuwa na uzito, kwa sababu ripoti ya mwaka 2013 ya ACLU, shirika la Marekani linalotetea uhuru wa raia, ilionyesha kwamba uwezekano wa mtu mweusi kukamatwa kwa kupatikana na bangi ulikuwa mara 3.73 ya ule wa mtu mweupe, ingawa viwango vyao vya matumizi vilikaribiana.

Kipaji cha Baraza kilidhihirika katika sharti la jengo. Mwombaji wa leseni ya duka, baada ya kuthibitisha kwamba kipato chake ni kidogo, alitakiwa aonyeshe kwamba tayari ana fremu ya biashara, tena fremu iliyo umbali usiopungua futi 700, yaani zaidi ya mita 210, kutoka shule, bustani ya umma, maktaba au duka jingine la bangi. Fremu za namna hiyo ni chache, na wenye majengo, ambao hawakuhitaji semina yoyote kulielewa hilo, walipandisha pango ipasavyo. Benki nyingi nazo hazikuwa tayari kukopesha, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1970 ilikuwa imeiweka bangi katika kundi la dawa zinazodhibitiwa kwa ukali kuliko zote, hivyo mlango pekee uliobaki wazi kwa mwombaji ukawa ule wa mwekezaji binafsi. Kanuni ilidai kwamba mwombaji wa daraja la kwanza la mpango wa usawa amiliki angalau asilimia 51 ya biashara, na ilitekelezwa vizuri sana katika karatasi, ambamo wapo waliomiliki asilimia 51 ya jina huku maamuzi na faida vikibaki kwa aliyelipa pango.

Kilele cha ubunifu kilifikiwa tarehe 3 Septemba 2019, saa nne asubuhi, Jiji lilipofungua mfumo wa maombi wa mtandaoni kwa leseni 100 za maduka, kwa kigezo kwamba wa kwanza kufika ndiye wa kwanza kuhudumiwa. Maombi zaidi ya 800 yaliwasilishwa, na madhara ya miongo mingi ya kamatakamata yakawa yanapimwa kwa wepesi wa vidole na kasi ya intaneti. Ilibainika baadaye kwamba waombaji wawili waliingia katika mfumo kabla ya saa iliyotangazwa, jambo lililolilazimu Jiji kuagiza ukaguzi huru. Mwaka 2020 kanuni zilirekebishwa, mbio zikaachwa na bahati nasibu ikashika nafasi yake, nayo ikachezeshwa Desemba 2022, wakati ambapo baadhi ya waombaji wa awali walikuwa wamekwisha kulipia kwa miezi mingi fremu tupu, ambamo hawakuruhusiwa kuuza hata kiberiti cha kuwashia bidhaa yao.

Ni kweli kwamba Los Angeles haikuwa peke yake. Jimbo la Illinois lilichagua njia ya alama, ambapo maombi yalisahihishwa kama mitihani, na mwaka 2020 waombaji 21 tu ndio waliopata alama kamili, wakawa wao pekee wenye sifa ya kuingia katika bahati nasibu ya leseni 75, hadi malalamiko na kesi vilipolilazimisha jimbo kuongeza awamu nyingine. Kwa mbio, kwa mtihani au kwa kura, aliyeweza kulipia wakili, mshauri na pango ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mlango.

Watetezi wa Baraza husema kwamba sharti lilikuwa moja kwa wote, na kwamba mji hauwezi kuruhusu duka la bangi kila kona. Hoja ya pili ni ya kweli, na ya kwanza nayo ni ya kweli kwa namna yake, kwa sababu tajiri na maskini walitakiwa kwa usawa kamili kulipa pango la jengo lisilofanya kazi. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na kanuni isiyouliza nani anaweza kusubiri kwa gharama hiyo huwa imekwisha kumchagua mshindi kabla ya maombi kufunguliwa.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba Baraza lijipe heshima ya kuonja utaratibu wake, yaani kila mgombea udiwani akodi ofisi miaka miwili kabla ya uchaguzi, na kiti kichukuliwe na atakayewahi kubofya kitufe. Ikiwa pendekezo hilo litaonekana kali, basi mwombaji yeyote wa leseni asidaiwe jengo kabla ya kupewa jibu la awali, idara husika iwekewe muda maalumu wa kujibu, na muda huo ukipita, pango la kila mwezi wa kuchelewa lilipwe kutoka bajeti ya idara hiyo. Hapo itajulikana faili la serikali linaweza kutembea kwa kasi gani.

Kwa heshima,
Walio katika foleni.

Nakala: Wenye majengo ya biashara, kwa taarifa na masikitiko yao.