Mniambie Tu Kama Ni Utumbo

Sijui nani aliwaambia wenye mikahawa ya Paris kwamba mtu asiyejua Kifaransa ni lazima awe Mwingereza. Ukikaa tu, mhudumu anakukagua, anakunyang'anya menyu ya Kifaransa na kukuletea ya Kiingereza. Mateso yanaanzia hapo.

Chukua hiyo entrée. Kwa Mfaransa ni kionjo cha kutangulia mlo. Mmarekani kalichukua neno hilohilo, kalipachika kwenye mlo wenyewe. Mtafsiri, asiyejua anamwandikia nani, kaliacha lilivyo. Wewe umeshinda na njaa, unaagiza kwa kujiamini, unaletewa yai lililopakwa mayonezi.

Hilo nalisamehe. Nisichosamehe ni kufichwa ninachokula. Ris de veau ni tezi ya ndama. Kwa Kiingereza eti ni "mkate mtamu". Si mkate, wala si tamu! Na kuna andouillette, soseji ya utumbo wa nguruwe. Menyu yetu ya Kiingereza iliandika "soseji ya kijijini", basi. Shemeji yangu ni mtu wa Tanga, nguruwe hamtaki hata kwenye picha, na kijiji anachokijua yeye kina mbuzi na kuku. Akaagiza. Bahati nzuri harufu ya kitu kile ilifika mezani kabla ya sahani, ikatafsiri yenyewe.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Rudisha," nikamwambia.

Mama ntilie wa Dar hana mambo hayo. Ubao wake unasema utumbo, maini, firigisi, supu ya kongoro. Asiyetaka aende zake. Huku kwa wakubwa wa mapishi kuna jibini ya mbuzi iitwayo Crottin de Chavignol, na crottin kwa Kifaransa ni mavi ya farasi. Hiyo, watafsiri wala hawakuigusa.

Bili ikaja. Kwa Kifaransa imechapwa service compris, na kweli, sheria ya huko inataka gharama ya huduma iwe ndani ya bei. Chini yake, kwa kalamu, mhudumu kaongeza sentensi ya Kiingereza safi, haina kosa hata la nukta: bakshishi haimo.

Shemeji akauliza imeandikwa nini. Nikamwambia ni mkate mtamu.