Jezi Zimefika, Tanga Bado

Ngalawa hubeba watu wanne bila ya malalamiko. Kamati iliyoundwa kuiandaa ngalawa moja kwa ajili ya resi za sherehe za Mapinduzi ilikuwa na watu kumi na mmoja: mwenyekiti, makamu wake, katibu, mweka hazina, msemaji wa timu, na waliobaki wajumbe. Baharia wa kweli alikuwa mmoja tu, naye hakuhudhuria kikao cha kwanza kwa kuwa alikuwa baharini.

Kikao kilifanyika Jaws Corner, Mji Mkongwe, pale penye mabaraza na kahawa chungu, ambapo mambo ya dunia nzima huamuliwa baada ya sala ya Isha na kusahauliwa kabla ya Alfajiri. Jina la timu halitajwi hapa, kwa heshima ya wake zao. Itoshe kusema kwamba walikuwamo fundi wa simu, mwalimu wa skuli, dereva wa daladala, vijana wawili wa hotelini, na mzee mmoja aliyekwenda kunywa kahawa yake akajikuta mjumbe.

Ajenda ya kwanza ilikuwa jezi.

Resi za ngalawa hazikubuniwa kwa ajili ya watalii. Mvuvi anayewahi pwani ndiye anayewahi mnada, kwa hiyo kila safari ya kurudi Malindi au Nungwi ina mashindano ndani yake hata bila ya refa. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza mwaka 1998, liliziingiza resi hizi katika ratiba yake. Wageni nao wameonja: Waingereza wa kampuni ya The Adventurists, wale walioanzisha Mongol Rally mwaka 2004 kwa kuwapeleka watu Mongolia kwa vigari vibovu, walikuja kwenye mwambao huu wakabuni Ngalawa Cup, ambayo baadaye iliitwa Kraken Cup. Watu wasiowahi kushika usukani wa chombo walifundishwa siku chache, kisha wakaachiwa bahari ya Hindi. Mzungu akifanya hivyo huitwa shujaa. Fundi simu wa Mji Mkongwe akifanya hivyo, mkewe humwuliza kama hana kazi.

Ngalawa yenyewe ilikuwa ya kuazima, mali ya mjomba wake dereva. Gogo la mwembe lililochongwa, matengo pande mbili ya kulishikilia lisipinduke, mlingoti, foromali ya kubebea tanga, na tanga lenyewe la pembe tatu, basi. Mjomba aliitoa kwa sharti moja: yeye huvua usiku, kwa hiyo mazoezi yafanyike mchana, na chombo kirudi kikavu. Mwenyekiti alikubali upesi sana, bila ya kujiuliza ni chombo gani hurudi kikavu kutoka baharini.

Nyufa zilihitaji kalafati. Hii ni kazi ya pamba na mafuta: unasokota, unalowesha, unapachika katika ufa, unagonga kwa nyundo na patasi butu taratibu mpaka pamba ikae. Baada yake mbao hupakwa sifa, mafuta yanayotoka kwenye maini ya papa, na chini hupakwa deheni ya chokaa na shahamu. Vijana wa hotelini walijitolea kuhifadhi galoni la sifa nyumbani kwao, ghorofa ya pili, kwenye jengo lenye familia nne na uwanja mmoja wa katikati. Asiyewahi kunusa sifa hawezi kuelezwa, na aliyewahi hahitaji maelezo. Kabla ya Magharibi galoni lilikuwa limeshuka ngazi, likifuatwa na magodoro ya vijana wenyewe.

Foromali nayo ilikuwa imepelekwa Mkunazini kwa fundi, ikapigwe msasa. Kuipeleka kulikuwa rahisi, maana ilikwenda juu ya gari la ng'ombe kupitia barabara kuu. Kuirudisha Malindi, makamu mwenyekiti alishauri wapite vichochoroni kukata njia. Vichochoro vya Mji Mkongwe vilijengwa kwa ajili ya miguu na kivuli, na havikumfikiria mtu mwenye mti mrefu kukaribia urefu wa ngalawa. Kwenye kona ya tatu ncha ya mbele iliingia duka la kanga, ya nyuma ikaziba mlango wa chuo ambako watoto walikuwa wanatoka. Nyuma yao ikaja Vespa, ikapiga honi. Nyuma ya Vespa ikaja Vespa nyingine.

"Isimamisheni, wanangu," alisema bibi mmoja kutoka dirishani. "Si ndivyo inavyokaa chomboni?"

Ushauri ulikuwa mzuri. Wakaisimamisha, wakageuza kona, wakaendelea kwa ushindi mpaka walipopita chini ya kamba ya kuanikia. Timu iliingia Malindi na shuka la mtu, la maua ya rangi ya machungwa, likipepea kileleni. Mwenyewe alilifuata mpaka sokoni na hakuwa na utani.

Lakini hasara kubwa ilitoka kwenye tanga, na ilianza kwa habari njema. Zamani matanga ya huku yalishonwa kwa marikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa na meli za Salem, Massachusetts. Biashara ilikuwa na uzito kiasi kwamba Marekani ilimleta konseli wake Unguja, Richard Waters, mwaka 1837. Timu hii haikuwa na Salem, ilikuwa na duka la simu. Mwenye duka alitoa fedha za jezi zote, na zilifika mapema, zimekunjwa vizuri, kila moja na jina mgongoni. Naye akaomba jambo dogo tu: jina la duka liandikwe kwenye tanga, herufi kubwa, lisomeke kutoka Forodhani.

Mwalimu, mwenye hati nzuri, akaliandika kwa rangi ya mafuta ya kupakia milango, makoti mawili. Tanga likakauka siku mbili juani. Lilipokunjuliwa lilikuwa gumu kama bati, na halikukunjika tena isipokuwa kwa kuvunjika. Nahodha, yule baharia wa kweli, aliligonga kwa vidole, likalia. Hakusema neno. Alikwenda kuazima tanga la zamani, lenye viraka, na jina la duka likashonewa pembeni kwa kipande cha kitambaa ambacho kutoka Forodhani hakionekani hata kwa darubini.

Mazoezi ya kwanza ya pamoja yalipangwa na katibu kwenye kundi la WhatsApp: Jumapili, saa nne asubuhi kamili, asichelewe mtu. Kwa mara ya kwanza hakuchelewa mtu. Aliyekosekana ni bahari. Unguja, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kiasi cha mita nne, na siku hizo, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, saa nne asubuhi ndiyo saa ya kupwa. Ngalawa ilikuwa imelala kwenye tope, imeegemea tengo moja. Mwalimu, ambaye husomesha jiografia, alitazama upande mwingine.

Maji yangejaa saa kumi. Wakangoja, na kwa kuwa kungoja kuna njaa, wakala urojo, bakuli baada ya bakuli, na bajia na kachori na pilipili ya ziada. Saa kumi na urojo wote ukiwa ndani, wakaondoka kuelekea Changuu. Kaskazi ilikuwa imechangamka. Mtu wa matengo, ambaye hutoka nje na kujilaza juu ya mti upande wa upepo ili chombo kisilale, anatakiwa awe mwepesi na mwenye moyo. Mwenyekiti alisisitiza kuwa nafasi hiyo ni yake kwa cheo. Alikuwa na moyo. Tengo lilizama, maji yakaingia, wote wakaanza kuyakumba kwa vikopo vya kahawa, na msemaji wa timu alikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe. Urojo haukufika Changuu.

Wasichekwe peke yao; hata kwenye resi za magari wengi hushindwa. Mwaka 1963, na tena 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza Safari Rally ya Afrika Mashariki. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi magari kabla ya kuwa bingwa, na gari alilitengeneza kwa mikono yake.

Wa namna hiyo, katika timu hii, alikuwa nahodha. Wakati kamati inabishana kama rangi ya kofia iendane na jezi, yeye alikuwa akipitisha henza, kamba ya kupandishia tanga, mkononi, shubiri kwa shubiri, akitafuta palipolika. Palikuwa pengi. Alipoomba fedha za kamba mpya, mweka hazina alifungua daftari na kukuta kwamba kamba hazikuwemo kwenye bajeti. Vitafunio vya vikao vilikuwemo, kwa kurasa tatu. Nahodha akanunua kamba kwa fedha yake ya samaki.

Siku ya resi upepo ulikuwa mkali, na ngalawa mbili zilikatikiwa henza kabla ya kugeuka. Hii haikukatika. Ilimaliza ya tano, jambo ambalo kamati imelichukua kuwa ni matunda ya vikao, na tayari imeongeza wajumbe wawili.

Kwa resi zijazo timu inatafuta mtu wa matengo, mwepesi, asiyekula urojo mchana. Malipo hakuna, jezi ipo, ila ni ya saizi ya mwenyekiti. Mwenye nia amwone nahodha Malindi maji yakijaa, na asipitie kwa katibu.