Heko kwa Dude la Mpira

Dude la kutisha halihitaji kipaji, linahitaji pesa. Mpe mtu dola milioni mia na kompyuta za kutosha, hata kuku atamfanya awatoe watu mbio. Kipaji hasa kiko kwa yule aliyepewa siku chache na vijisenti, akaambiwa alete mwisho wa dunia.

Phil Tucker, kwa mfano. Filamu yake ya mwaka 1953, Robot Monster, inatajwa kuwa ilipigwa kwa siku nne kwa dola zipatazo 16,000. Hadithi ilidai roboti kutoka anga za mbali, na vazi la roboti lilikuwa ghali. Kwa bahati kulikuwa na mwigizaji, George Barrows, aliyemiliki vazi lake mwenyewe la sokwe. Akalivaa, akatwishwa kofia ya mzamiaji yenye antena, na hapo akazaliwa Ro-Man, mwangamizi aliyewamaliza wanadamu wote isipokuwa wanane. Makao makuu yake ni pango la Bronson Canyon, Los Angeles, na ndani ya pango kuna mtambo wa kutoa mapovu. Mtambo huo ukatajwa kwa jina kwenye orodha ya washiriki wa filamu, heshima ambayo mashine chache za mapovu zimewahi kuipata. Kisha Ro-Man anatembea. Anapanda kilima, anashuka, anapanda tena, manyoya gubigubi, chini ya jua la California. Jemadari aliyeteketeza miji yote ya dunia hakubakiziwa hata baiskeli.

Wakosoaji wanalalamika kwamba dude la namna hii halimtishi mtu. Wazazi wanaona hiyo ndiyo sifa yake kuu.

Tena si kweli kwamba watu hawa hawakufikiri. Mwaka 1956 Roger Corman alipotengeneza It Conquered the World, kuhusu mvamizi kutoka sayari ya Zuhura, hoja ilikuwa ya kisayansi kabisa: kiumbe wa sayari yenye mvutano mkubwa lazima awe mfupi, aliyejikita chini. Paul Blaisdell akaunda dude fupi, pana, kama tango lenye meno. Inasimuliwa kwamba mwigizaji Beverly Garland alipolitazama kwa mara ya kwanza, huku yeye amelizidi kimo, alilicheka na kulipiga teke, na fundi akarudi kuliongeza urefu. Kwa taarifa tu, mvutano wa Zuhura ni mdogo kidogo kuliko wa Dunia. Teke la bibi huyo lilikuwa na sayansi zaidi.

Lakini fadhila ambayo haijapata kusifiwa ipasavyo ni ushirikiano. Katika filamu za matajiri dude linafanya kila kitu, mwigizaji kazi yake ni kupiga kelele. Katika filamu za makabwela, anayeuawa humsaidia muuaji. Kwenye Bride of the Monster ya Ed Wood (1955), pweza wa mpira alifika bila mota ya kumtikisa. Kwa hiyo anayeliwa anaingia mwenyewe kwenye maji ya kina kifupi, anakamata mnyiri mmoja, anajizungushia shingoni, anaukamata wa pili, anautikisa kwa nguvu, anapiga ukelele, na pweza katulia tuli kama alivyowekwa. Mvuvi yeyote wa Pemba angejua huyo alikufa zamani. Kifo kile ni cha kujitolea.

The Creeping Terror ya mwaka 1964 ilikwenda mbali zaidi. Dude lake ni kitu mfano wa zulia refu lenye watu chini yake, na linakwenda polepole kiasi kwamba asiyetaka kuliwa angeweza kwanza kumaliza chakula chake. Hakuna anayekimbia. Wanasubiri, kisha wanajisukuma wenyewe kinywani, miguu ikifuata mwishoni. Mazungumzo mengi hayasikiki; msimulizi ndiye anayeeleza wahusika wanasema nini. Waliokulia kwenye vibanda vya video vya Dar es Salaam, sauti ya mtafsiri ikipita juu ya picha, wangejisikia nyumbani.

Kuna pia The Giant Claw (1957), ambayo waigizaji wake walishtuka kwa dhati mbele ya anga tupu. Ndege mwenyewe, dude la filamu hiyo, walimwona baadaye: shingo ya tai mzoga, macho ya kutokeza, na kishungi cha nywele utosini. Walikuwa wameshaapa mara kadhaa kwamba ni mkubwa kama manowari.

Taji, hata hivyo, ni la The Killer Shrews (1959), iliyopigwa Texas. Maadui ni virukanjia waliokuzwa maabara, na walioigiza ni mbwa waliofungwa vipande vya manyoya na meno ya bandia. Manusura wanajiokoa kwa kujifunika mapipa ya chuma vichwani na kutembea wamechuchumaa hadi baharini, mbwa wakiwarukia pembeni kwa furaha isiyofichika. Mwongozaji, Ray Kellogg, hakuwa mgeni wa kazi: aliwahi kuongoza idara ya picha za kimazingaombwe ya 20th Century Fox. Alijua vizuri kirukanjia mwenye ukubwa wa mbwa angegharimu kiasi gani, na mbwa wangegharimu kiasi gani.