Boriti ya Tarehe 3 Aprili

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, injinia. Samahani, hii boriti ya tarehe 3 Aprili ndiyo ipi? Au tusubiri mwezi ufike?"

Fundi mkuu hakuwa anatania. Karatasi iliyofika saiti, imechapishwa moja kwa moja kutoka Excel, ilikuwa na boriti ya 3 Aprili, ya 5 Juni na ya 7 Agosti, yaani mkesha wa Nane Nane. Mhandisi wa jengo hilo la ghorofa nne, jijini Dar es Salaam, alikuwa ameandika 3-4 akimaanisha boriti inayotoka nguzo ya 3 kwenda nguzo ya 4. Excel ikipewa namba mbili zenye kistari katikati hukimbilia kalenda. Alipojaribu kuirudisha seli iwe namba ya kawaida, ikamtolea tarakimu tano asizozijua, maana ndani ya programu hiyo kila tarehe ni idadi ya siku zilizohesabiwa tangu mwanzo wa mwaka 1900. Na hesabu yenyewe ina kilema: Excel inaamini kulikuwa na tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo dunia haikuwahi kuiona. Kosa hilo lilirithiwa makusudi kutoka programu ya zamani iliyoitwa Lotus 1-2-3, ili mafaili ya watu yasivurugike.

Asijione mnyonge. Wanasayansi wa jeni wamesumbuliwa kwa miaka na tabia hiyohiyo. Walikuwa na jeni inayoitwa SEPT2, Excel ikaifanya 2 Septemba. MARCH1 ikawa 1 Machi. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilisalimu amri ikabadilisha majina: SEPTIN2, MARCHF1. Microsoft ilikuja kuweka swichi ya kuzima ubadilishaji huo mwaka 2023, wakati jeni zimeshapewa ubatizo mpya.

Boriti za Aprili zilikuwa kicheko cha asubuhi moja. Saruji ndiyo iliyomtoa jasho. Faili alilolitumia alilirithi kwa mwenzake aliyehama kazi, nalo lilikuwa na jina refu lililoishia na "mwisho kabisa mpya 2", dalili tosha kwamba halikuwa la mwisho. Katika safu ya mifuko, mtu fulani alikuwa ameandika "mifuko 180" badala ya 180. Kwa jicho la binadamu hakuna tofauti. Kwa Excel, hayo ni maneno, na fomula ya kujumlisha huruka maneno bila kusema kitu. Dalili pekee ilikuwa kwamba namba nyingine zote zilisimama upande wa kulia wa seli, na hiyo moja ikasimama kushoto. Siku ya kumwaga zege la jamvi, saruji ikaisha nusu ya kazi. Mashine ya kuchanganyia ikanyamaza, vibarua wakakalia ndoo zao, na mlinzi wa stoo akaanza kutazamwa vibaya kwa mifuko 180 ambayo haikuwahi hata kuagizwa.

Baada ya hapo aliamua kulikagua faili lote, seli moja baada ya nyingine. Kwenye ukurasa wa nguzo kulikuwa na safu ya uhakiki: mzigo ukizidi uwezo wa nguzo, seli iandike HAPANA, usipozidi, iandike SAWA. Nguzo zote zilikuwa SAWA. Akaongeza mzigo wa nguzo moja mara mbili. SAWA. Akaongeza mara kumi. SAWA. Akaweka tani 50,000, kana kwamba meli imeegeshwa juu ya paa. SAWA. Alipoibofya ile seli akakuta haina fomula yoyote. Mtu alikuwa ameandika neno SAWA kwa mkono, akalishusha kwa kulinakili mpaka mwisho wa safu.

Hapo kicheko kilikatika. Akafunga mlango, akachukua kalamu na kikokotoo, akazipiga hesabu za nguzo zile upya kwenye karatasi. Zilitosha. Lakini tangu siku hiyo anasoma habari za majengo na madaraja yaliyofeli kwa namna ambayo mkewe anaiona si ya kawaida, hasa wakati wa chakula.

Kisa anachokipenda, kwa sababu hakuna aliyeumia, ni cha daraja la Laufenburg juu ya mto Rhine, kati ya Ujerumani na Uswisi. Wajerumani wanapima urefu kutoka usawa wa Bahari ya Kaskazini, Waswisi kutoka usawa wa Mediterania, na vipimo hivyo viwili vinapishana kwa sentimita 27. Wahandisi walilijua hilo mapema na wakaliweka kwenye hesabu. Ila mtu aliweka kujumlisha palipotakiwa kutoa. Mwaka 2003, daraja likijengwa, ikabainika kwamba upande mmoja uko juu ya mwingine kwa sentimita 54, tofauti ileile mara mbili. Wangekuwa wamesahau kabisa kusahihisha, kosa lingekuwa nusu yake! Ikabidi upande wa Ujerumani ushushwe.

Kile asichoweza kukicheka ni cha hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani. Ukumbini mwake kulikuwa na njia za watembea kwa miguu zilizoning'inia kutoka darini, moja juu ya nyingine, ya ghorofa ya nne na ya pili. Mchoro wa kwanza ulionyesha fimbo ndefu za chuma zinazoshuka kutoka darini na kupita kwenye njia zote mbili. Kufunga nati katikati ya fimbo ndefu kiasi hicho ni kazi ngumu, hivyo zikagawanywa: fimbo moja ishike njia ya juu, nyingine ianzie kwenye njia ya juu ishike ya chini. Kwenye karatasi ni badiliko dogo. Lakini fikiria watu wawili walioning'inia kwenye kamba moja, kisha wa chini anaiacha kamba na kushika miguu ya mwenzake. Kamba haijaongezewa uzito; mikono ya wa juu ndiyo imebebeshwa mara mbili. Vivyo hivyo nati zilizo chini ya boriti za ghorofa ya nne zikabeba njia mbili badala ya moja. Michoro yenye badiliko hilo ilipita na muhuri wa mhandisi bila mtu kukipigia hesabu kiungo kile. Tarehe 17 Julai 1981, katika hafla ya dansi, njia zote mbili zilianguka. Walikufa watu 114. Uchunguzi ulionyesha kwamba hata mchoro wa kwanza haukufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi za mji.

Mhandisi wetu alikuwa amefika hapo katika kusoma pale mwenye jengo alipompigia simu. Biashara imekwenda vizuri, alisema, anataka kuongeza kaghorofa kamoja tu.

"Si unabadilisha namba kwenye kompyuta, injinia? Nne iwe tano?"

Kubadilisha kweli ni sekunde moja. Akachukua karatasi akampigia hesabu palepale kwenye simu. Jamvi la mita 10 kwa 12, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 18 za zege. Zege lenye nondo ni kama tani 2.5 kwa kila mita ya ujazo. Hizo ni tani 45, kabla ya kuta, vigae, watu na simtanki la lita 5,000 ambalo likijaa ni tani 5 nyingine. Zote zinashukia nguzo zilizokwisha kumwagwa, na nguzo hazinenepi kwa sababu seli imebadilishwa.

Tajiri akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama simtanki likiwa dogo itasaidia.

Dar es Salaam haihitaji mfano wa Kansas City. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Kibali chake kilikuwa cha ghorofa 10. Lilikuwa limepandishwa kupita hapo.

Basi ndugu unayejenga, ghorofa ya ziada iseme kabla msingi haujachimbwa. Kama zege limeshamwagwa, mlipe injinia apige upya hesabu za nguzo na msingi, kisha omba kibali kipya. Akikwambia haiwezekani, usiende kumtafuta mwingine wa kukuandikia SAWA.