Mhadhara wa Bingwa wa Visiwa vya Volkano

Mwenyekiti wa soko la Kasikeu, wazee wangu, na akina mama mlioziacha ndengu juani mje kunisikiliza: hongereni kwa busara. Mbele yenu yupo bingwa wa visiwa vya volkano, Afrika Mashariki na Kati. Cheo hicho nilijitunuku mwenyewe, kwa kuwa hakupatikana mwenye elimu ya kunitunuku.

Msafara wetu unaelekea Kisiwa cha Kati, Ziwa Turkana. Kisiwa hicho ni volkano, na hadi leo kinafuka mvuke unaonuka salfa. Ndani ya makasoko yake kuna maziwa matatu: la Mamba, la Flamingo na la Tilapia. Ziwa ndani ya kisiwa ndani ya ziwa! Semeni pamoja nami.

Mamba jike hufukia mayai mchangani, akayalinda kama miezi mitatu. Watoto wakianza kulia ndani ya yai, huwafukua, akawabeba kinywani hadi majini. Asiyesoma husema anakula wanawe. Mimi nasema lile ni basi la shule.

Mwaka 1888 kabaila wa Hungaria, Teleki, alikuja "kuligundua" Ziwa Turkana, wenyeji wakimtazama akigundua. Akalibandika jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, nalo likadumu hadi 1975. Mwaka 1934 watu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka hadi Kisiwa cha Kusini. Hawakuonekana tena. Upepo wa kule hauna adabu, lakini mimi naujua vizuri, kinadharia.

Kijana, kuuliza kama nimefika huko ni utovu wa nidhamu. Mwili wangu umefika Sultan Hamud. Kilichofika Turkana ni utafiti wangu.

Naam, mama? Kwamba milima ya Chyulu nayo ni volkano, tena iko Makueni hii hii? Mama yangu, ule si msafara, ule ni uchungu. Mvua ya Chyulu huzama kwenye majivu na miamba ya volkano, ikaibukia chemchemi za Mzima, bomba likaibeba hadi Mombasa. Sisi huku tunafukua mchanga wa mto tupate mtungi mmoja. Ukienda huko utarudi na hasira badala ya picha.

Amana ya safari mkabidhini katibu, ambaye pia ni mimi. Jaketi la kujiokolea lipo moja tu, nami, kama mnavyoona, nimeshalivaa.